Togwa ya Bwana Fisi

Sogeeni huku jikoni. Nina maji motoni, yakichemka nasonga ugali, na hadithi itakuwa imekwisha, iwe imefika au haijafika. Kwa hiyo msinikatizekatize. Na wewe, acha kukichungulia kile kibuyu. Togwa yenu ipo, mtakunywa nikimaliza.

Hapo zamani za kale, siku ambazo fisi alikuwa bado hajui kucheka, kulikuwa na kijiji cha wanyama chini ya mwamba mkubwa. Ndiyo, fisi hakujua kucheka. Tulia, utaona alijifunzia wapi.

Juu ya mwamba alikaa Mama Tatu. Huyu alikuwa pimbi. Mnamjua pimbi? Mnyama mfupi, hana mkia, masikio ya duara, ukimwona utadhani panya aliyeshiba. Mama Tatu hakujua kukaa kitako. Atafagia, atauacha ufagio, atachungulia nje, atarudi kukoroga mboga, atatoka tena. Majirani wakimwambia, "Mama Tatu, tulia basi," anawajibu, "Aliyetulia ameliwa."

Na kwao ilikuwa kweli, maana kazi ya ukoo wa pimbi ilikuwa ulinzi. Mmoja wao hukaa kileleni. Akiona tai angani au chui majanini, anapiga mluzi, fiii, fiii, na kijiji kizima kinaingia ndani. Mwaka huo zamu ya mchana ilikuwa ya binti yake, Tatu. Tatu alikuwa na masikio ya kumsikia mchwa akitafuna.

Sasa, ng'ambo ya bonde alihamia Bwana Fisi. Mkubwa, mnene, na mkarimu kupita kiasi. Akaweka chungu mbele ya pango lake, akaanza kuwaita vijana. Wazazi wao hakuwaita.

"Karibuni togwa, wanangu. Togwa tu."

Togwa mnaijua. Ni uji mtamu wa ulezi, anapewa hata mtoto anayetambaa. Nani atamnyima mwanawe togwa? Basi kijiji kilijikwaa hapo hapo, kwenye jina.

Kwa sababu kule pombe ilikuwa na adabu yake. Kwanza ilikuwa ya wazee, si ya vijana. Pili, anayekupa pombe hupiga funda yeye mbele ya macho yako, ndipo anakupa wewe. Desturi hiyo waliiita kutoa sumu. Mgeni mmoja, funda moja. Wageni kumi, mafunda kumi. Lakini togwa? Nani anatoa sumu kwenye togwa ya watoto?

Bwana Fisi aliiacha togwa yake ikachacha siku saba, akatia na majani fulani ya porini. Majani gani? Nyamaza wewe. Hilo ndilo swali ambalo Fisi angependa uulize.

Vijana wakaenda mmoja mmoja, kisha makundi. Asiyekwenda aliitwa mtoto wa mama. Tatu alikwenda, na alipoona raha akamvuta na shoga yake Sikitu, binti wa swala, aliyekuwa akisitasita.

"Funda moja tu, Sikitu. Halafu tunaondoka."

Hawakuondoka. Ukapita mwezi. Tatu anarudi nyumbani macho mekundu, anakigusa chakula na kukisukuma. Mama yake anauliza, binti anageukia ukuta. Anapika kingine, hakiliwi.

Siku moja saa sita mchana tai akashuka, vuuu, na hakuna mluzi. Mtoto wa jirani alipona kwa kudumbukia kwenye ufa wa jiwe, kucha za tai zikamwachia alama mgongoni. Mama Tatu alipanda mbio kileleni. Akamkuta mlinzi amelala chali, mdomo wazi, anakoroma.

"Tatu. Mwanangu, amka."

"Usipige kelele, mama. Kichwa."

"Tai ameshuka."

"Tai gani?"

Mama Tatu akakaa chini. Yule asiyekaa, siku ile alikaa. Aliogopa kuliko alivyowahi kumwogopa tai.

"Umekunywa nini?"

"Togwa."

"Togwa hailazi mlinzi."

"Ni togwa, mama. Hata Sikitu alikuwa anakunywa."

"Na Sikitu yuko wapi?"

"Amesafiri. Bwana Fisi anasema amekwenda kutafuta maisha."

Amesafiri bila kumuaga mama yake? Na kabla yake walikuwa wamesafiri ngiri wawili na kanga mmoja, wote wakitokea kwa Fisi. Mama Tatu akawakumbuka mmoja mmoja. Wote waliosafiri walikuwa wanene.

"Usiende tena kule," akasema.

"Siwezi." Tatu akaanza kulia. "Kila asubuhi nasema leo siendi. Jua likipanda, miguu inakwenda yenyewe. Na keshokutwa ametualika vijana wote, karamu. Nitakwenda, mama. Najijua."

Mama Tatu hakusubiri. Akashuka mwamba mbio mpaka kwa Mzee Nyati, mwenyekiti wa kijiji.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba, Mama Tatu. Kaa."

"Sikai. Bwana Fisi anawalevya watoto wetu."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa togwa."

Nyati akacheka mpaka pembe zikagonga ukuta, ko, ko. "Mama Tatu, mjukuu wangu anakunywa togwa. Sheria inakataza pombe kwa vijana. Togwa haimo."

"Ile si togwa."

"Nani kasema?"

"Mimi."

"Wewe si mwenye chungu. Mwenye chungu anasema togwa. Siku akisema mwenyewe kwamba ni pombe, niite." Akaendelea kutafuna majani yake.

Mama Tatu akasukuma mlango. Akatoka. Njiani alikuwa akiongea peke yake: akisema mwenyewe, akisema mwenyewe. Akasimama. Akageuka. Akaanza kupita nyumba kwa nyumba.

"Keshokutwa saa nne, karamuni kwa Bwana Fisi. Wazazi wote. Kila mtu na kata yake."

"Mbona hatujaalikwa?"

"Nimewaalika mimi."

Ngojeni kidogo, nipunguze moto. Haya.

Siku ikafika. Vijana walikuwa wamejipanga mbele ya chungu, na Tatu yumo, wa kwanza kabisa, kata inamtikisika mkononi. Mara wakatokea wazazi: ngiri, nungunungu, twiga, Mzee Nyati amevaa kofia yake ya vikao, na nyuma kabisa mama yake Sikitu, ambaye tangu binti yake apotee alikuwa haongei na mtu.

Bwana Fisi akashtuka. "Karibuni, jamani, karibuni. Ila hapa ni togwa ya watoto tu."

"Ndiyo iliyotuleta, Bwana Fisi," akasema Mama Tatu, akipindapinda shingo kwa unyenyekevu. "Nimekuja kukuomba radhi kwa niaba ya wenzangu."

"Radhi ya nini?"

"Ah, maneno ya watu. Wanasema ukoo wa fisi haujui kupika pombe. Mnaweza togwa basi, uji wa watoto wa kunyonya."

Wazazi wakatazamana. Nani kasema hivyo? Lakini Mama Tatu alikuwa ameshika kasi.

"Wanasema bibi yako alipika pombe siku ya harusi, wageni wakadhani ni maji, wakanawia mikono."

Masikio ya Fisi yakasimama. "Bibi yangu?"

"Mimi nimekutetea. Nimewaambia, jamani, mwacheni, kila mtu na kipaji chake, togwa nayo ni chakula. Hata kifaranga akinywa chungu kizima cha Bwana Fisi, atarudi kwao anatembea vizuri tu."

"Kifaranga?" Fisi akapiga kifua, du, du. "Kifaranga akiinusa tu anaanguka. Unaita hii togwa? Hii imechacha siku saba. Hii ni pombe, tena kali, na hakuna mzee hapa atakayemaliza kata mbili akabaki amesimama!"

Mzee Nyati aliacha kutafuna.

"Mwenyekiti, umesikia?" akauliza Mama Tatu.

"Nimesikia."

"Mwenye chungu amesema mwenyewe. Na pombe ina adabu yake. Bwana Fisi, toa sumu."

Fisi akarudi nyuma hatua moja. "Mimi leo tumbo haliko sawa."

Hapo Tatu akaitazama kata yake, halafu akamtazama Fisi. Alikuwa na kiu ile mbaya, mate yamemjaa, lakini kuna kitu kilimjia.

"Bwana Fisi," akasema, "mwezi mzima nimekuja hapa. Sijakuona ukinywa hata siku moja."

"Togwa hainipendi, mwanangu."

"Hata mimi sijamwona," akasema kijana mmoja wa nungunungu. "Hata mimi," akasema mwingine. Mama yake Sikitu akapita katikati ya watu mpaka mbele. Akasema maneno mawili tu, "Toa sumu," na kijiji kikayapokea: toa sumu, toa sumu.

Fisi akagusisha mdomo kwenye kata, akajifuta.

"Koo halijapanda," akasema Nyati, na pembe yake moja ikawa karibu sana na ubavu wa Fisi.

Fisi akameza, gubu.

"Moja," akasema Mama Tatu. "Tuko wageni sitini na wawili."

Hapo ndipo wazazi walipoelewa kwa nini waliitwa wote. Gubu. Gubu. La kumi, macho ya Fisi yakaanza kuzunguka. La ishirini, miguu ya nyuma ikalegea. La thelathini, akatoa sauti ambayo hajawahi kuitoa tangu azaliwe.

"Hi hi hiii."

Alikuwa anacheka. Akamnyoshea kidole kijana wa ngiri. "Wewe ulikuwa kitoweo cha leo. Hi hi! Na wewe nungunungu nimekuacha muda wote kwa sababu ya miiba. Na Tatu, Tatu wangu, wewe nilikuwekea zamu ya mwisho. Mlinzi akilala, kijiji chote kinakuwa sufuria yangu. Hiii."

"Na Sikitu?" akauliza Tatu.

"Sikitu alisafiri. Safari fupi." Fisi akagusa mdomo wake, kisha akashusha kidole mpaka tumboni. "Kutoka hapa mpaka hapa. Hi hi hiii."

Akacheka peke yake. Mama yake Sikitu aliokota jiwe kwa mikono miwili, akaliinua, akapasua chungu. Pombe ikamwagika mpaka miguuni mwa vijana, na hakuna aliyeinama kuinywa. Nyati akashusha pembe. Fisi akatimua mbio akiyumba, miguu ya nyuma imelegea, anacheka huku analia. Mpaka leo mgongo wake umeinama nyuma, na mpaka leo anacheka bila kuchekeshwa.

Mnadhani wakarudi nyumbani wakapiga vigelegele? Hawakupiga. Tatu alirudi akajifungia. Alitetemeka siku tano, akatapika, akamtukana mama yake na kumwomba msamaha, akamtukana tena. Mama Tatu alikaa naye siku zote tano. Nimesema alikaa.

"Nilimpeleka mimi," Tatu alikuwa akirudia. "Nilimwambia funda moja."

"Ndiyo," akasema mama yake. "Ulimpeleka. Sasa wapo wengine ambao hawajakwenda."

Mzee Nyati aliitisha mkutano, akakohoa, akafungua hotuba. Mama Tatu akamshika mkia. "Mzee wangu, mimi nilipokuja kwako ulicheka. Leo mwache binti aseme."

Tatu akasimama mbele ya watoto wote, wakubwa kwa wadogo. Hakuwatisha. Alieleza mwanzo ulivyokuwa mtamu, maana mwanzo ulikuwa mtamu kweli, na angesema uongo wangemjua. Akaeleza miguu inayokwenda yenyewe. Akawafundisha maneno mawili ya kumwambia yeyote anayekupa kitu, akiite togwa, akiite peremende, akiite dawa ya akili: toa sumu.

Kanga mdogo akanyosha bawa. "Na kama anayenipa anakunywa na yeye?"

Tatu akanyosha mikono yake mbele, wote waione. Ilikuwa bado inatetemeka.

"Basi mtazame mikono," akasema.

Kesho yake akaanza kupita nyumba kwa nyumba, na nyumba ya kwanza ilikuwa ya mama yake Sikitu. Alisimama mlangoni asubuhi nzima, mpaka akafunguliwa.

Maji yamechemka. Nami nimefika, na fundisho langu ni moja: mwenye chungu akiogopa chungu chake, wewe usikisogelee.

Haya, leteni vikombe, togwa hii hapa. Nyosha mkono, shika. Mbona hamshiki? Mbona mnanitazama hivyo, bibi yenu mwenyewe?

Aa. Sawa. Nipeni hicho kikombe, nianze mimi.