Saumu ya Kinuni

Siagi huyeyuka, pilipili hubaki.

Haya, sasa nimeisema sawa. Pale mkekani, mbele ya wageni, niliigeuza: pilipili huyeyuka, siagi hubaki. Mkacheka mpaka Salha akamwaga uji. Mlicheka kwa haki, maana mtu na diploma yake ya ualimu hajui hata kipi kinayeyuka! Kosa langu, nakiri. Lakini mlipomaliza kucheka mkauliza jambo la maana, kwamba methali hii imetoka wapi. Sogeeni basi, na huyo anayechezea simu aiweke chini. Ilitoka jikoni, Ngamiani pale Tanga, mwezi wa Ramadhani, na ilitoka hivi.

Palikuwa na mwanamke anaitwa Mwanakombo. Mikono yake ilikuwa myepesi, ulimi wake mwepesi zaidi. Msibani angekuchekesha mpaka ukajifunika uso kwa kanga, watu wakadhani unalia. Aliwahi kufanya kazi jikoni kwenye hoteli moja ya wageni, na huko ndiko alikojifunza mkate wa kitunguu saumu. Alipouleta nyumbani akautia pilipili mbuzi. Alisema ule wa hotelini una harufu lakini hauna maneno.

Alikaa na kaka yake Mbaraka, na mke wa Mbaraka, Raya, katika nyumba waliyoachiwa na wazazi. Mawifi hawa walipendana. Nalisema mapema, msije mkadhani nasimulia habari za maadui. Walisukana nywele, walivaa doti moja ya kanga, huyu kipande na yule kipande. Jambo lililoisumbua nyumba lilikuwa moja tu, Raya alikuwa hajapata mtoto, na miaka ilikuwa inakwenda.

Sasa nyumba ile ilikuwa na desturi. Aliyefunga haonji chakula, hata kwa ncha ya ulimi. Marehemu mama yao ndiye aliyeweka hivyo, na kwa kuwa alikuwa mtu mzima mwenye akili, akaweka na njia ya kutokea. Futari ikikaribia kuiva, kijiko kinawekwa juu ya mfuniko, halafu wote wanatoka jikoni. Mwanamke mwenye udhuru wa kutofunga siku hiyo, kama yupo, atapita peke yake na kuonja. Kikipungua kitu, atakilaza kijiko karibu na chumvi, au karibu na ndimu. Mpishi akirudi anasoma kijiko, anarekebisha. Hakuna aliyemwona mtu, na hakuna anayeuliza.

Siku hiyo adhuhuri, uani, Raya alimshika Mwanakombo mkono kwenye kamba ya nguo.

"Wifi, nimeona siku zangu."

Mwanakombo akaiacha nguo kwenye kamba, akamshika mkono wa pili. Mwezi uliopita Raya hakuziona, na Mbaraka alikuwa ameanza kutembea kama mtu aliyeokota kitu barabarani akaogopa kufungua kiganja.

"Pole, mpenzi wangu."

"Shangazi Kibibi yuko njiani anatoka Muheza. Unajua anakuja na nini."

Mwanakombo alijua. Shangazi alikuwa na binti wa watu mkononi, wa kumwoza Mbaraka awe mke wa pili. Mbaraka alimwomba asubiri, akisema, mke wangu huenda ana mimba.

"Nataka Mbaraka aisikie kwangu kwanza," Raya akasema. "Leo, akirudi tarawehe, tukiwa wawili. Akiisikia kwangu tutalia pamoja, yataisha. Akiisikia kwa shangazi, itakuwa ni habari ya ukoo. Nisitiri, wifi."

"Nimekuwa kaburi," Mwanakombo akasema, na alimaanisha.

Alasiri moto ukawashwa. Unga ulikuwa umeumuka vizuri. Mwanakombo akaufinyanga mkate, akautia kwenye sufuria iliyopakwa mafuta, makaa machache chini, makaa mengi juu ya mfuniko. Kisha siagi. Vichwa vya saumu alivifukia kwenye jivu la moto mpaka vikalainika kama ndizi mbivu, akavimenya huku anapuliza vidole, akavitia kinuni pamoja na pilipili, majani ya giligilani, chumvi na ganda la ndimu lililokunwa. Akatwanga. Akachanganya na siagi mpaka ikawa na madoa mekundu na ya kijani. Harufu ilitoka ikavuka ukuta, na jirani aliyefunga akasikika akisema, "Astaghfirullah."

Mambo yote yakawa tayari, isipokuwa jambo moja. Shangazi Kibibi alikuwa ameingia jikoni, akaikalia mbuzi ya kukunia nazi, akatulia.

Siagi haijaonjwa, na Shangazi hatoki.

"Shangazi, moshi huu utakuumiza macho."

"Macho haya yamepika pilau ya harusi ya mama yako. Endelea."

"Hujaswali alasiri, nikutandikie msala?"

"Nimeswali kabla yako. Unanifukuza?"

"Nani akufukuze, Shangazi! Jiko ni lako."

"Basi niache nione. Mkate wako wa mwaka jana, mwanangu, chumvi yake tulikunywa maji mpaka Idd."

Raya akapita mlangoni, akamtazama wifi yake, akamtazama Shangazi, akaendelea na safari yake kama aliyekuwa anakwenda kwingine. Baadaye akapita tena. Mwanakombo aliweka kijiko juu ya bakuli la siagi, akakiondoa, akakiweka tena. Jua lilikuwa limeshuka kwenye bati la jirani. Akaufunua mkate, umeiva, una rangi ya asali. Ilibaki kuupasua, kuujaza siagi na kuurudisha motoni kidogo, siagi inywewe. Hapo ndipo mkate unapoharibika au unapopona.

"Wewe Mwanakombo," Shangazi akasema, "siagi hiyo ina saumu ya kutosha kweli? Au umeweka ya kunusa tu?"

Raya alikuwa ameingia kuchukua bilauri.

Sasa hapa, wanangu, mnisikilize, maana mimi mwenyewe ni mtu wa utani na naijua hali hii. Utani mzuri ukifika kwenye meno ni kama chafya. Mwanakombo aliuona unakuja. Alikuwa na nafasi ya kuumeza. Lakini ulikuwa mtamu, halafu Shangazi alikuwa amemdhihaki kwa ile chumvi, halafu alijiambia kwamba kwa utani atamwita Raya aonje na mambo yatapita kwa kicheko.

"Saumu, Shangazi?" akasema, mchi mkononi. "Nyumba hii ina saumu tele! Mimi ninayo, wewe unayo, kinuni ipo. Aliyekosa saumu leo ni wifi yangu kipenzi peke yake. Njoo, mpenzi, njoo unionjee!"

Akacheka, akacheka peke yake.

Raya alizikumbatia bilauri kifuani. Shangazi Kibibi aliinuka polepole kwenye ile mbuzi, na uso wake, niwaambie kweli, haukuwa na ubaya. Ulikuwa na tumaini, na hilo ndilo lililouma zaidi.

"Hana saumu?" akauliza. "Raya, mama. Hufungi kwa mimba, au kwa siku?"

Mwanakombo alifungua mdomo ili atunge uongo wowote, Raya akamtangulia.

"Kwa siku, Shangazi," Raya akasema.

Akaziweka bilauri chini. Akakichukua kijiko, akachota siagi, akaitia mdomoni mbele yao, akaionja kwa makini kama mtu aliyeajiriwa kazi hiyo. Macho yakamjaa maji, na hakuna aliyejua ni ya pilipili au ya nini.

"Chumvi imepungua," akasema. "Pilipili imetosha."

Akatoka.

Mwanakombo akaongeza chumvi. Akaupasua mkate, akaujaza, akaurudisha motoni. Mikono ilifanya kazi yenyewe. "Shangazi," akasema, "usimwambie Mbaraka. Mwache mkewe amwambie." Shangazi akajibu kwamba yeye hakutoka Muheza kuja kuficha mambo ya mtoto wa ndugu yake.

Adhana ikalia. Wakafuturu. Ule mkate haujawahi kutoka vile, si kabla wala baada. Ulikuwa laini ndani, ngozi inavunjika kama kaukau za viazi, na siagi imezama yote, huioni, unaisikia tu kwenye vidole. Mbaraka alikula kipande cha kwanza akafumba macho.

"Mwanakombo, leo umetuua!"

"Kula taratibu, baba," Shangazi akasema. "Nina neno. Yule mtoto wa Muheza, tutakwenda kumwona baada ya Idd. Huku hamna kitu. Mkeo ameziona siku zake."

Mbaraka alikuwa ameshika kipande cha pili. Akakirudisha kwenye sahani kwa upole mkubwa. Akamtazama dada yake, aliyekwepesha macho, kisha akamtazama mkewe.

"Kweli?"

"Kweli. Nilitaka nikwambie mwenyewe, leo."

"Shangazi anajua. Dada anajua." Sauti yake haikupanda. "Mimi niliyekuwa nahesabu usiku na mchana, ndiye wa mwisho?"

"Mbaraka..."

"Nachelewa msikitini."

Akaondoka bila kunawa. Mafuta ya siagi yalibaki kwenye komeo la mlango alipoushika.

Raya akaingia chumbani. Mwanakombo aliyekuwa ukumbini akasikia begi linavutwa kutoka uvunguni. Akakimbilia jikoni, akachagua kipande cha katikati, kile kinono, akakipaka siagi nyingine juu, akakibeba kwa mikono miwili mpaka mlangoni. Raya alikuwa amesimama hapo, kanga begani.

"Wifi, kula angalau kidogo. Nilikuwa natania, unanijua. Nilikuita mpenzi, nilikuita kipenzi, mbele ya Shangazi nimekuita kipenzi! Kuna siku nimekusema kwa ubaya mimi?"

"Hapana. Hujanisema kwa ubaya."

"Basi?"

Raya aliutazama ule mkate. Ulikuwa bado wa moto, na siagi aliyoipaka wifi yake sasa hivi ilikuwa inapotea machoni pao, inazama, mpaka juu yakabaki madoa mekundu tu, yamekauka, yanang'aa.

"Mpenzi nimelisikia," Raya akasema. "Kipenzi nacho nimekisikia. Umenipaka vizuri, wifi. Lakini siagi huyeyuka, pilipili hubaki."

Akaufunga mlango, si kwa kishindo.

Jirani yule wa Astaghfirullah alikuwa dirishani, na Ngamiani jirani akisikia jambo, mji umesikia. Wanawake walilichukua neno lile, likaandikwa mpaka kwenye kanga, likatufikia na sisi huku. Ndiyo maana mtu akikutukana kwa maneno ya asali, halafu akashangaa mbona umeumia, huwa hatumwelezi mengi. Tunamwambia hilo tu.

Siagi huyeyuka, pilipili hubaki.

Na Mwanakombo? Alisimama pale ukumbini na sahani yake. Watu walikuwa wanapita nje kwenda msikitini, wanasalimiana. Alitaka kusema jambo la maana, akatafuta, kila alichokipata kilikuwa na kichekesho ndani yake. Mwisho akalikuta neno ambalo mtoto wa Kiswahili hulijua kabla ya kujua kufunga kiatu, neno ambalo kila nyumba ina jibu lake. Akagonga kwa kidole kimoja.

"Hodi," akasema. "Hodi, wifi. Hodi."