Sultani Aliyeharamisha Lakini

Alikuwako Sultani, na heri asingalikuwako, akiitwa Jabiri bin Kaisi, akiutawala mji wa Zabarajadi wenye kuta nyeupe na bustani za makomamanga, na kisa chake nitakisimulia kwa hasira, na yeyote asiyeipenda hasira yangu ajikalie kwake.

Sultani huyu hakuvumilia kupingwa. Siku moja kadhi alimwambia, "Maulana, hukumu yako ni njema, lakini..." na kabla hajamaliza, Sultani akaamuru akatwe ulimi, na siku ile ile mpiga mbiu akapita mitaani akitangaza kwamba neno lakini ni haramu katika Zabarajadi, na atakayelitamka ataonja kisu alichoonja kadhi. Na wale mawaziri, na ndevu zao za heshima na vilemba vyao vya hariri, walifanya nini? Waliinama! Wakasema, "Tumesikia na tumetii," na Waziri Kafuri akaongeza kwamba neno lenyewe lilikuwa likimkera tangu utotoni. Mnafiki mkubwa!

Miaka saba ikapita hivyo, na Sultani akataka kuba kubwa kuliko yote duniani, la kufunika kaburi la mkewe, Malkia Durria, aliyefariki akiwa mja mzito. Kazi akapewa Fundi Makame, mwashi hodari, mjane aliyeishi na bintiye Salhina, na huyo binti ndiye aliyemchomea na kumkandia chokaa. Nayo desturi ya waashi wa mji ule ni kwamba kuba jipya haliondolewi boriti zinazolishikilia mpaka limelowa kwa masika na kukauka kwa kiangazi. Sultani hakutaka kungoja, kwani alikwisha kuwaalika wafalme jirani, akaamuru boriti zivutwe Ijumaa.

Fundi Makame akapiga goti, akasema, "Maulana, kuba limekamilika, lakini chokaa bado ni mbichi."

Baraza zima likainamia mazulia.

"Umelisema, tena mbele yangu!" Sultani akanguruma. "Basi Ijumaa utasimama peke yako chini ya kuba lako, na boriti zitavutwa. Likianguka, litakuzika. Likisimama, utakuwa umenidanganya, nami nitakukata kichwa. Amiri Ridhiwani, mpwa wangu, wewe utasimamia kamba."

"Nimesikia na nimetii, mjomba," akajibu Amiri.

Salhina alipopata habari hakulia, alikasirika. Alikasirikia Sultani, na akakasirikia zaidi wale waliokuwa barazani wakitazama mazulia, akakimbia hadi kwenye tanuri la chokaa la baba yake, nje ya mji, lililokuwa limepoa, akaingia ndani na kupiga kelele, "Lakini! Lakini! Lakini baba yangu hana kosa!"

Neno lile lilikuwa halijapigiwa kelele hivyo kwa miaka saba. Majivu yakainuka na kujikusanya, na mbele yake akasimama jini, mnene kupita kiasi, anayehema kwa taabu.

"Labeka, ewe binti uliyenifungua," akasema jini. "Mimi ni khadimu wa neno hilo, na kila aliyelimeza mwilini mwake alinilisha mimi, hata nimevimbiwa. Ninayo lakini ya mnunuzi aliyeona nyama imeoza, na lakini ya mama aliyemwona mchumba mbaya wa bintiye, na lakini ya shahidi, na lakini ya tabibu, na ile ya mke amwambiaye mumewe, umeniudhi lakini sikuachi. Niamuru jambo moja."

"Mponde Sultani!"

"Sina mkono wa kuua, bibi. Mimi huweka, na mimi hurudisha."

"Basi rudisha!" akafoka Salhina. "Kila mtu arudishiwe chake, Ijumaa, mbele ya Sultani!"

Ijumaa ikafika, na baada ya sala watu wakajaa uwanjani, na Fundi Makame akasimamishwa chini ya kuba, akisoma shahada. Sultani akainua mkono, na upepo wa majivu ukapita juu ya vichwa, na vinywa vikafunguka vyenyewe.

"Nimekutii, mjomba, lakini huku ni kuua!" akapaza sauti Amiri Ridhiwani, akaitupa kamba, na askari wake wakaitupa.

"Nimekusifu kila siku," akalia Waziri Kafuri, akijaribu kujiziba mdomo, "lakini sijakupenda hata siku moja!"

Hata kadhi asiye na ulimi akaipiga ardhi kwa bakora yake. Kisha tabibu akaanguka kifudifudi, akasema, "Maulana, wewe ndiye uliyeamuru Malkia anyweshwe dawa ya shubiri, nami nikamnywesha, lakini mja mzito hapewi shubiri! Nilijua, na niliogopa."

Sultani akageuka rangi. Hapo, jamani, mtu mwingine angalilia. Yeye akapiga kelele, "Waongo nyote! Mimi sikosei!" akamsukuma Fundi Makame nje, akasimama mwenyewe juu ya kaburi la mkewe na kuikamata kamba.

"Maulana, toka!" akapiga ukelele Salhina. "Una hasira, nami ninayo kuliko wewe, lakini chokaa ni mbichi!"

Ni yeye peke yake aliyemwonya. Wengine wote, waliokuwa wakibwabwaja dakika ile, wakafunga vinywa, na safari hii hawakunyamaza kwa woga. Sultani akavuta kamba, na kuba likamshukia.

Amiri Ridhiwani akatawazwa, akamtunukia Fundi Makame nyumba na mashamba, na akamposa Salhina mbele ya baraza.

"Nimekupenda, Amiri," akasema Salhina, "lakini miaka saba ulikuwa wapi?"

Mawaziri wakakodoa macho. Ridhiwani akainamisha kichwa, akasema, "Nilikuwa papo hapo, nimevaa hariri, nimenyamaza."

Salhina akakubali kuolewa naye kwa jibu hilo, na harusi ikaliwa siku saba, wala Waziri Kafuri hakualikwa. Nami kisa changu nimekifikisha mwisho, na funzo lake ni kwamba dhalimu hajijengei kasri peke yake. Wapo wanaomshikia ngazi, na Mungu anawajua kwa majina.