Kinyozi Aliyezoea Kuambiwa "Haiumi"

Kunjua uso kwanza. Unakunja kipaji hata hujasikia, eti watu wa kale walikuwa na nyembe gani. Unadhani walifuga nywele wakikungoja wewe uzaliwe uwaletee? Walinyoa, na wako walionyoa kwa uchamungu kuliko wewe unavyoswali. Kaa usikilize, ukimaliza ndipo ubishe.

Imepokewa kutoka kwa watu wakweli kwamba katika mji wa Wasit, zama hizo, alikuwako kinyozi jina lake Mundhir, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alikuwa mtu wa swala na mwenye mkono mwepesi, au ndivyo mwenyewe alivyoamini. Kila aliyeketi mbele yake alimuuliza katikati ya kazi, "Inauma?" Na kila aliyeketi alijibu, "Haiumi, alhamdulillahi." Ndiyo iliyokuwa adabu ya mji ule. Kumwambia fundi kwamba anakuumiza, naye ameanza kazi kwa bismillahi, kulihesabiwa utovu wa heshima. Basi watu walitoka kwake wakijipangusa damu nyuma ya sikio, huku wakimwombea dua.

Ikawa dada yake, Umaima, amejaliwa mtoto wa kiume baada ya kukaa muda mrefu bila kuzaa. Nawe unajua kwamba kumnyoa mtoto nywele siku ya saba ni sunna. Mundhir aliisubiri siku hiyo kwa hamu, mpaka asubuhi ya siku ya sita, Umaima alipomwambia, "Kaka, kesho nitamwita kinyozi wa sokoni."

"Wa sokoni? Na mimi mjomba wake nishike nini?"

"Ushike mtoto."

"Kuna mtu amekuletea maneno, Umaima?"

"Hakuna aliyesema neno. Mume wangu ananyolewa na wewe, kaka, na mimi ndiye ninayefua kofia zake. Nenda katafute wembe utakaoutuliza moyo wangu. Ukiukosa, mpishe mwenzako."

Mundhir hakukasirika, alistaajabu. Siku zote hakuna aliyelalamika, sasa kofia imetokea wapi? Akaamua kwamba kosa ni la chuma. Akaenda kwa Bi Lubaba, mjane wa mhunzi Uqba, aliyekuwa akiuza nyembe alizoziacha marehemu mumewe. Bi huyo alikuwa mchamungu, na hakuwahi kusifia bidhaa yake. Alitaja aibu zake tu, akanyamaza. Alikuwa ameketi karibu na mlango, akauacha wazi kama inavyompasa mwanamke mwenye mteja mwanamume.

Mundhir akazipanga nyembe juu ya mkeka. Akauchukua mmoja wenye mpini wa pembe ya ndovu na ubapa wa chuma cha Sham, unaong'aa hata unajiona ndani yake. Akaugonga kwa ukucha, ukalia kama kengele. Akang'oa unywele akauangushia kwenye makali, ukakatika vipande viwili kabla haujafika chini.

"Huu, mama."

"Umechagua kwa macho na masikio," akasema Bi Lubaba. "Unautaka wa siku moja au wa kila siku?"

"Wa kila siku. Ila kesho utaanza na mtoto mchanga."

"Basi umekosea mlango. Wewe watafuta wembe wa kunyolea. Mimi nauza wembe wa kunyolewa."

Mundhir akadhani uzee umemkoroga maneno. "Si ni kitu kimoja, mama?"

"Hata mimi ningependa kujua. Maji yale pale, na sabuni. Keti ujinyoe mwenyewe."

Mundhir, kama vinyozi wengine wengi, alikuwa akifuga nywele. Tangu aishike kazi ile, kichwa chake hakikuwahi kuonja wembe. Akavutwa na hamu ya kujua. Akavua kilemba, akalowesha, akasoma bismillahi, akaanza upande wa kulia. Wembe ulikata unywele, ukakata na kilicho chini ya unywele. Hakufika nyuma ya sikio machozi yakamlenga.

Bi Lubaba, macho yake njiani, akauliza, "Inauma?"

"Haiumi, alhamdulillahi." Mdomo ulikuwa umekwisha kujibu, yeye mwenyewe bado.

"Vizuri. Ufunge kwenye kitambaa, kesho ukampitishie mtoto."

Mkono wa Mundhir ukasita hewani. Kutoka hakuweza, kwa maana kunyoa upande na kuacha upande kumekatazwa, na mtu mzima hapiti sokoni na nusu ya kichwa. Kuendelea hakuthubutu. Akakumbuka vichwa vyote vilivyopita mikononi mwake, na zile "haiumi" zote, moja baada ya moja. Akikiri kwamba unauma, basi na zile za watu zilikuwa za adabu tu, naye ameuumiza mji mzima. Akinyamaza, kuna utosi wa mtoto unaomngoja, laini kama ute wa yai.

"Mama," akasema, "unauma."

"Tangu lini?"

"Tangu hapa sikioni." Akaushusha wembe. "Tangu zamani, mama."

Hapo Bi Lubaba akafunua ukingo wa mkeka, akatoa wembe wenye mpini wa pembe ya mbuzi, ubapa wake mweusi mweusi. "Marehemu alijinyolea huu. Ugonge."

Akaugonga. Ukatoa mlio mfupi, mnene.

"Ule unaolia sana ni mgumu kupita kiasi. Haukubali kunolewa, na siku ukikubali, unameguka. Ningekwambia aibu yake kabla hujatoka, lakini usingeniamini. Ngozi yako umeiamini. Huu nao aibu yake ni uvivu. Kila asubuhi uupitishe kwenye ukanda wa ngozi, mgongo mbele, makali nyuma, bila haraka. Siku utakayochoka wewe, atalia mteja."

Mundhir akauendesha upande uliobaki. Bi Lubaba akauliza tena, "Inauma?"

Safari hii hakujibu upesi. Aliisikiliza ngozi yake. "Hapa kisogoni, kidogo."

"Hapo ni mkono wako, si wembe. Ulaze."

Akaulaza. Akanyoa, akangoja, akanyoa tena. "Haiumi," akasema, na baada ya kuhakikisha, "Alhamdulillahi."

Kesho yake watu wakakusanyika kwa Umaima, naye Bi Lubaba akaja, akaketi kwa wanawake karibu na mlango. Kabla hajaanza, Mundhir akafunua kichwa chake, wakauona upande mmoja umejaa mikwaruzo. Akasema, "Jamaa zangu, nisameheni. Na kuanzia leo, anayeumia aseme."

"Hata ya zamani?" akauliza baba wa mtoto. "Maana sikio langu lina habari nyingi."

Wakacheka, na kinyozi akacheka nao, huku ameinamisha macho. Kisha akaanza, kwa ule wembe mweusi. Mtoto mchanga hajafundishwa adabu ya kuficha. Akafumbua kinywa, chumba kizima kikangoja kilio. Akapiga mwayo, akalala. Umaima akampitishia kiganja kichwani, akakigeuza kiganja akakitazama. Kilikuwa kikavu. Akamrudishia kaka yake mtoto ammalizie.

Mola atujaalie ndimi zinazosema alhamdulillahi bila kufunika damu, kwani fundi anayedanganywa kwa heshima huzidi kuumiza, na anayemdanganya ana fungu lake katika jeraha.

Kazi ilipokwisha Mundhir akamgeukia Bi Lubaba. "Waonaje, mama?"

"Naona mtoto hana unywele hata mmoja, na nyote mmekaa mnatazamana, upepo unaingia."

Akajitanda mtandio wake, akatoka, akaufunga mlango nyuma yake.