Maji Yaliyopita Mlangoni kwa Bibi Nakundwa

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali, maana baadhi ya waliokuwepo bado wanapanda mlima kwa miguu yao wenyewe, palikuwa na kijiji katika milima ya Upare kiitwacho Ndorwe. Nisikilizeni mpaka mwisho, kisha mniamulie. Mimi nimejaribu kuamua peke yangu na nimeshindwa.

Ndorwe kulikuwa na ndiva. Asiyeijua ndiva nimweleze. Ni bwawa lililochimbwa kwa mikono ya mababu, likajengewa ukingo wa mawe na udongo. Chemchemi hulijaza polepole, usiku kucha na asubuhi yote. Ikifika saa tisa alasiri, mlinzi huchomoa gogo lililoziba tundu, maji yakaruka mferejini na kuteremka kwa mwenye zamu. Mwenye zamu ni mmoja kwa siku. Kaya zilikuwa kumi na mbili, kwa hiyo ukishamwagilia unangoja mpaka zamu izizunguke zote. Na sheria yetu ilikuwa hii: maji ya mwenzako yakipita kando ya shamba lako, weka mikono nyuma. Usiyaguse hata kwa kunawa uso.

Sasa, mwisho wa kipupwe mlima wetu hupendeza. Asubuhi ukungu umelala bondeni kama mgonjwa asiyetaka kuamshwa. Saa nne unaamka wenyewe, na ukisimama juu ya jabali unaliona bonde la Mkomazi lote, mpaka macho yanachoka kabla bonde halijaisha. Jua halichomi. Maharage ya kumwagilia yamechanua. Ni majira ya mtu kumshukuru Mungu hata kama hajala.

Kijana wetu mmoja, Kaanaeli, aliyesoma mjini akarudi, aliliona jambo hilo. Akasema, "Watu wanalipanda basi siku nzima kwenda kutazama milima ya wenzetu. Kwa nini wasije kwetu? Waone ukungu, waone ngoma, wale makande ya chungu, waione ndiva. Huu ni urithi." Tukakubali. Mwaka ule wageni wakaja ishirini na wawili, siku ya Jumanne.

Jumanne ile zamu ya maji ilikuwa ya Bibi Nakundwa.

Bibi Nakundwa alikuwa mjane, anakaa peke yake chini kidogo ya ndiva, na kishamba chake cha maharage kilikuwa cha kupima kwa kanga. Tulipochangisha maharage ya kuwapikia wageni makande, kila kaya ilitoa kibaba. Yeye alituletea debe. Mpishi mmoja akamwuliza, "Bibi, debe zima, na mbegu ya vuli?" Akajibu, "Mbegu iko shambani, imeshatoa ua. Leo inakunywa maji, mwezi ujao naivuna. Mgeni hali kibaba, mwanangu."

Basi wageni wakaja, wakautazama ukungu, wakafurahi. Saa sita wakafika ndivani. Wakauliza, maji yanafunguliwa saa ngapi? Kaanaeli akawaambia saa tisa. Wakatazamana, maana gari lao lilikuwa linaondoka saa nane.

Kaanaeli akamwendea mlinzi wa ndiva, Mzee Mashambo. Akamwambia, "Baba, fungua mapema. Kidogo tu, wayaone yakiruka."

"Ndiva haifunguliwi kidogo, mwanangu. Gogo likitoka limetoka. Halirudi mpaka maji yaishe."

"Basi fungua yote. Zamu ni ya nani?"

"Ya Bibi Nakundwa."

"Si atayapata mapema tu? Maji ni yale yale."

Mzee Mashambo akakuna ndevu. Babu yake mzaa baba alikuwa miongoni mwa waliobeba mawe ya ukingo ule, na katika maisha yake yote hakuna mtu aliyewahi kumwomba amwonyeshe kazi ya babu yake. Akawatazama wageni, wakamtazama. Akamwita mwanamke mmoja aliyekuwa anateremka na mtungi kwenda jikoni.

"Mama, kutoka jikoni unakokwenda, kwa Bibi Nakundwa ni hatua chache tu. Mwambie ashike jembe afungue mlango wa maji wa shamba lake, maji yake yanakuja sasa hivi. Fanya haraka."

"Nimesikia, baba," akasema yule mwanamke, akaenda.

Mlinzi akangoja muda wa mtu kufika. Akachomoa gogo.

Yule mwanamke alipofika jikoni, ngoma ilikuwa imeshapamba moto, na baadhi ya wageni walikuwa wameshashuka kuitazama. Wenzake wakamwita, "Njoo Mama Elisifa, wageni wanataka kuona kiuno cha Upare, na sisi tumebaki vikongwe watupu." Akasema, ngoja nifikishe ujumbe. Wakasema, wimbo mmoja tu. Akatua mtungi. Akacheza wimbo mmoja. Mgeni mmoja akampiga picha, akamwonyesha, na akajiona amependeza. Akacheza wa pili. Kisha akapewa sahani ya makande.

Huyo Mama Elisifa ni mimi. Nimesema "mwanamke mmoja" kana kwamba simjui, Mungu anisamehe, hata kusimulia kwangu kumeanza kwa kujificha. Kijijini nilijitetea kwamba nilisahau. Sikusahau. Nilikumbuka mara mbili. Mara ya kwanza nilipomwona kuku wa Bibi akikatiza njiani. Mara ya pili niliposikia maji yenyewe yakinguruma mferejini, na wageni waliobaki kule juu wakishangilia. Nikasema moyoni, ameshayasikia, ni mtu mzima, ana masikio. Nikachota kijiko kingine.

Na kweli aliyasikia.

Bibi Nakundwa alitoka nje, akasimama kando ya mfereji, mlangoni pa shamba lake. Aliyatazama maji yakija, mengi, mekundu kwa udongo. Akajua si saa yake. Yake ilikuwa saa tisa. Akasema, haya ya mwenzangu, labda wamempa zamu ya mchana kwa ajili ya wageni, na yangu itakuja saa tisa. Akaweka mikono nyuma. Maji yakapita, yeye amesimama, mpaka yakaisha. Yakateremka yote korongoni kwa ngedere, kusiko na jani la mtu.

Wageni wakala, wakasifu makande, wakaondoka saa nane. Mmoja wao alinishika mkono akasema nchi yetu ina baraka.

Saa tisa Bibi Nakundwa akapanda ndivani, jembe begani, kitambaa kimefungwa kichwani vizuri kama mtu anayekwenda kwenye kazi aliyoingoja. Alitukuta sote watatu pale, mlinzi, Kaanaeli na mimi, tunafurahia siku ilivyokwenda. Akachungulia. Palikuwa na tope, na vyura wawili.

Akasema, "Mzee Mashambo, umeniachia vyura? Hawa hawamwagilii maharage."

Mzee akacheka, akadhani ni utani. "Bibi nawe. Si umeshamwagilia toka mchana?"

"Mchana? Nilimwagilia na nini?"

Ndipo mlinzi akageuka akanitazama mimi. Nami nilikuwa bado nimeshika sahani, na ndani yake maharage ya Bibi yamebaki kama kumi hivi. Sikupata pa kuiweka.

Bibi hakugomba. Afadhali angegomba. Aliuliza tu, "Yalikuwa yangu yale?" Akashuka na jembe lake.

Kwa siku kumi na moja zilizofuata kaya nyingine zilimwagilia. Jua lilizidi. Ua la maharage likikosa maji siku zile halisubiri mtu aombe radhi. Lilidondoka. Bibi Nakundwa hakuvuna hata mbegu ya kutia vulini, na debe lake tulikuwa tumelila na wageni.

Jumapili ile niliimba kwaya. Ilipofika kwenda Meza ya Bwana nilijifanya nabembeleza mtoto wa mwenzangu, nikatoka nje.

Ndorwe kulikuwa na desturi ya kosa la maji. Likipigwa baragumu la kusafisha ndiva, watu wote wanakuja na majembe, na aliyekosewa anakuja na kibuyu cha maji ya kwake. Kosa la maji hubebwa na bega moja, haligawanywi, kwa sababu wazee waliona kosa likigawanywa kila mtu hubeba unyoya. Huyo mmoja atampa aliyekosewa zamu zake tatu, shamba lake na likauke. Kisha atakunywa katika kile kibuyu, funda moja, na neno lile halitatajwa tena mpaka kaburini. Lakini asiyekunywa, kama ana lake moyoni, atakaa nalo.

Siku ikafika. Bibi Nakundwa akaketi juu ya ukingo, kibuyu mapajani. Tukaulizwa ni nani atalibeba kosa.

Kaanaeli akasema, "Mimi niliomba tu. Kuomba si kufungua. Gogo la ndiva silishiki mimi."

Mzee Mashambo akasema, "Mimi nilifungua, lakini nilituma mtu kwanza. Mlinzi aliyetuma mtu amefanya kazi yake."

Nami nikasema, Mungu ananisikia, "Mimi nilitumwa njiani, na mikono imejaa. Jambo kubwa kama hilo huyu mzee angeenda mwenyewe, au angepiga baragumu."

Kila mmoja alisema kweli, na kila mmoja hakumtazama Bibi usoni.

 Bibi akakiziba kibuyu chake. Akasema, "Basi hakuna aliyekosa. Nami nimekuja na maji bure. Nisaidieni kushuka, magoti yangu leo hayataki." Akanyoosha mkono ashikwe, na ule mkono haukuwa na mtu wa kuushika, maana sote watatu tuliogopa kuugusa.

Hapo Kaanaeli akapiga magoti topeni na suruali yake ya mjini. Akasema, "Bibi, nipe mimi ninywe. Nilisoma mpaka nikajua neno urithi, nikawafundisha wageni kulitamka. Sheria ya zamu ndiyo urithi wenyewe, na mimi ndiye niliyeomba ivunjwe ili ionekane. Nisingeomba, gogo lisingetoka."

Mzee Mashambo akavua kofia. Akasema, "Bibi, huyu ni mtoto, hana kiapo. Mimi niliapishwa. Nilijua saa tisa ni saa tisa. Nilifungua kwa sababu nilitaka wageni wamsifu babu yangu, na walipopiga makofi nilihisi wananipigia mimi. Nipe mimi ninywe."

Nami nikasema, na sauti yangu ilikuwa ndogo, "Bibi, wao walikosa saa, lakini maji yako yalikuwa bado yanaokoleka. Hatua mia moja tu zilibaki kati ya jikoni na mlango wako. Hawa wawili si waliokumbuka wakanyamaza. Mimi nilikumbuka mara mbili. Nipe mimi."

Watu waliguna. Mtu mmoja nyuma akasema, "Leo kosa limekuwa asali." Na alisema kweli, kwa maana asubuhi ile ile tulikuwa tumelikimbia, na sasa tunaligombea. Sijui hata leo kama tuligombea kubeba, au tuligombea kusamehewa.

Bibi Nakundwa akakizibua kibuyu. Akatutazama mmoja mmoja. Kisha akasema jambo ambalo hakuna aliyelitarajia.

"Na mimi je? Nilisimama nikayaona yakipita. Ningeinama tu nikauliza, maji ya nani haya? Ningemwita mtoto akimbie juu akaulize. Sikuuliza. Niliona fahari kuweka mikono nyuma, wageni wasije wakasema bibi yule mwizi wa maji. Mbegu ilikuwa yangu, nami niliitazama inakufa nikiwa nimesimama vizuri. Labda hiki kibuyu nikinywe mwenyewe niende zangu."

 

Akakinyoosha kibuyu mbele yake. Maji yalikuwa ya funda moja. Tulikuwa watatu topeni na yeye wa nne juu ya ukingo.

Yupo aliyekunywa. Simtaji, kwa sababu nikimtaja mtamwamulia yeye, na mtaacha kuniamulia mimi. Wala msinionee huruma kwa kuwa ndimi ninayesimulia. Msimulizi hujipangia mahali pazuri hata anapotubu.

Ninyi mliokaa hapa, mnaokula maharage na kunywa maji ya watu msiowajua, semeni. Kijana aliyeomba, mzee aliyefungua, mwanamke aliyekumbuka akanyamaza, au mwenye maji aliyeweka mikono nyuma: je, nani alistahili kunywa?