Shule Juu ya Mninga

Hapo zamani, tena si zamani za mbali, ni misimu michache tu ya asali iliyopita, alikuwako msichana aitwaye Kalunde. Wazazi wake walikuwa warina asali. Msimu ukifika, nyumba nzima ilifunga mlango kijijini, ikabeba kamba na mizinga, ikahamia kambini katikati ya msitu. Huko walikaa miezi mitatu.

Na shule je? Shule haikumsubiri Kalunde. Aliwaacha wenzake wakijifunza sehemu, akarudi akawakuta kwenye aljebra. Akarudia kidato cha kwanza. Mwaka uliofuata asali ikaita tena, akarudi tena, akashindwa tena. Sasa alikuwa mrefu kuliko kiranja, na darasani walimwita Bi Mkubwa. Kalunde alicheka nao, lakini akifika nyumbani hakutaka chakula.

Shangazi yake Nyanzala, aliyeuza asali mjini Tabora, akasikia kwamba kuna shule za mtandaoni. Hakukurupuka. Alipigia simu shule ya kwanza, akapigia ya pili, akaendelea mpaka ya tisa. Zote aliziuliza swali moja: "Mtoto akikosa mtandao siku tatu, mnamfanyaje?"

Ya kwanza ikasema, "Tunamwandika mtoro."

"Asante, kwaheri."

Ya pili ikasema, "Mama, kwani huko anakoishi hakuna mtandao?"

"Ungekuwepo ningekuuliza?"

Ya tisa alipokea mwalimu mwenye sauti ya taratibu. Akafikiri kwanza, kisha akasema, "Masomo ya wiki anayapakua mapema kwenye kishikwambi. Akipotea, namtafuta mimi mwenyewe. Ila mtihani lazima aufanye tukimwona."

"Mwandike," akasema Shangazi. "Anaitwa Kalunde Mihayo."

Baba yake Kalunde akajikuna kichwa. "Dada, shule isiyo na kengele wala fagio?"

"Kaka, yenye kengele umempeleka mara mbili."

Mihayo akamgeukia binti yake. "Haya. Ukifaulu mtihani wa kuingia kidato cha pili, tutaendelea na shule hii. Ukianguka, unarudi kijijini, kidato cha kwanza, mara ya tatu."

Mara ya tatu! Kalunde akakitia kishikwambi kwenye mzigo wake kabla ya nguo.

Wakafika kambini. Mtandao ukawa hakuna chini, hakuna kwenye kichuguu, hakuna popote. Hapo akajitokeza Mjomba Kapela, mdogo wa kiume wa mama yake, mtu wa kupanda miti tangu utotoni. Akapanda mninga mrefu na simu mdomoni. Kutoka kileleni akapiga kelele: "Upo! Mtandao wote umejificha huku!"

Basi akachukua mzinga mtupu wa gome, akautundika kwenye tawi la juu kabisa, akaiweka simu ndani isilowe mvua. Waya wa sola ukapanda mpaka kwenye simu. Simu ikaushika mtandao, ikaurusha chini kwenye kishikwambi, na Kalunde akasoma kivulini. Shule ikawa imening'inia mtini.

Na Bibi je? Bibi Mwanamila, aliyekuja nao kambini, hakujua kusoma. Lakini kila alasiri, Kalunde akimaliza somo, Bibi alisogeza kigoda. "Haya, leo wamekwambia nini?"

Kalunde akaeleza namna mmea unavyojitengenezea chakula.

"Jua linapikaje bila sufuria?"

"Bibi, jani ndilo sufuria."

"Na kuni?"

"Mwanga ndio kuni."

"Mh. Sijaelewa. Rudia."

Siku ya pili, "Sijaelewa, rudia." Siku ya tatu, "Na moshi wake huenda wapi?" Kalunde akarudi kwenye kishikwambi kutafuta, akagundua kwamba hata yeye alikuwa hajaelewa. Siku ya nne Bibi akapiga makofi. "Kumbe! Basi miti yote hii iko jikoni!"

Mambo yakaenda vizuri mpaka siku mbili kabla ya mtihani. Asubuhi hiyo mama yake Kalunde akainua uso, akaita, "Kapela! Mzinga wa simu mbona unavuma?"

Kundi zima la nyuki lilikuwa limehamia shuleni.

"Kapela, mdogo wangu, niambie ukweli. Ule mzinga uliupaka nta?"

Kapela akaiangalia mikono yake. Kila mrina asali hupaka nta ndani ya mzinga kabla ya kuutundika, maana nyuki huifuata harufu hiyo. "Sikukusudia, dada. Mikono ilipaka yenyewe."

Kambi nzima ikacheka, Kalunde peke yake hakucheka. Mihayo akasema simu bado inafanya kazi, afadhali nyuki wasichokozwe.

Siku ya mtihani ikafika. Kalunde akajibu swali la kwanza, la pili, la tatu. Alipogusa la nne, uso wa mwalimu ukaganda, kisha ukatoweka. Nyuki walikuwa wameifunika simu mpaka ikapata joto, ikajizima.

"Moshi!" akaita Mihayo. "Washeni moshi!"

"Moshi utachelewa," akasema Kapela, naye tayari yuko nusu ya mti. Akaingiza mkono mzingani, akaitoa simu, akaipepea, akaiwasha, akainyanyua juu ya kichwa chake. Nyuki wakamvaa. Walimuuma shingoni, walimuuma masikioni, walimuuma mahali asipoweza kupasimulia. Hakuushusha mkono.

"Nakuona umerudi, Kalunde," akasema mwalimu. "Umebakiwa na dakika ishirini. Juu ya mti huo anaimba nani?"

"Ni mjomba wangu. Haimbi, Mwalimu."

Swali la mwisho, lenye alama nyingi kuliko yote, lilisema: eleza kwa maneno yako mwenyewe jinsi mmea unavyojitengenezea chakula. Kalunde akatabasamu, akaandika kama anayemjibu Bibi.

Wiki mbili baadaye Shangazi akafika kambini kuchukua asali, na matokeo mkononi. Kalunde amefaulu! Amepita kwa tofauti ya alama nne tu, lakini amepita. Alipiga kelele mpaka mama yake akamziba mdomo asije akawaudhi nyuki.

Sasa, kambi ile ilikuwa na desturi yake. Sega la kwanza la msimu halikatwi vipande. Mwisho wa msimu hupewa mtu mmoja aliyefanya jambo kubwa kuliko wengine, na jina lake huchongwa kwenye mzinga mpya. Mihayo akamkabidhi binti yake bakuli lenye sega. "Jambo kubwa la mwaka huu ni lako. Mpe wewe aliyekufikisha hapa."

Shangazi akakohoa. "Mimi mwiba wa nyuki sikuuona, ni kweli. Lakini shule nane niliziacha. Ningechagua mojawapo ya hizo, leo ungekuwa mtoro kwenye daftari la watu."

"Shangazi yako alikaa mjini kwenye kiti," akasema Kapela, sikio moja bado nene kama andazi. "Mimi ndiye niliyeleta shule hapa, na siku ilipozimika nikaishika kwa mkono wangu."

"Aliizima nani?" akauliza Shangazi. "Wewe na nta yako!"

"Niliharibu, nikatengeneza. Wangapi huharibu wakakimbia?"

Bibi akaangua kicheko. "Mimi niacheni. Sikumfundisha mtu. Nilikuwa najifunza tu."

"Lakini Bibi," akasema Kalunde taratibu, "lile swali la mwisho lilikuwa na alama kumi na tano."

Kalunde akasimama na bakuli mikononi. Akamtazama aliyechagua vizuri kisha akabaki mbali. Akamtazama aliyeharibu kwa mazoea, akaokoa kwa maumivu. Akamtazama aliyemfaa bila kujua kwamba anamfaa. Asali ikaanza kuchuruzika kwenye vidole vyake, na ndugu watatu wanamsubiri.

Haya, ninyi mliosikiliza, msaidieni mtoto huyu: sega zima, lisilokatwa, ni haki ya nani?