Suke la Siwema

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kama mmekwisha kushiba? Sogeeni huku. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, mbegu zilipokuwa bado zinasikia nyimbo, aliishi bibi mmoja, Mwanamvua, na mjukuu wake, Zena. Mama yake Zena aliitwa Siwema. Siwema alifariki mara tu baada ya mavuno, lakini kabla ya hapo alichagua suke moja la mtama, akalifunga kwa ukanda wa kanga yake, akalitundika juu ya meko liwe mbegu. Moshi hufukuza wadudu. Na fundo lake lilipinda kivyake, kwa kuwa Siwema alifunga kwa mkono wa kushoto.

Bibi alipoona moshi unalitia weusi fundo la mwanawe, uchungu ukamshika. Akalitoa mekoni, akalitundika juu ya kitanda chake. Jamani! Mapenzi yalimpofusha.

Mvua ikaja. Ghalani hamna kitu, mbegu ni suke lile tu.

"Bibi, tupande," alisema Zena.

"Kesho, mama."

Kesho yake bibi akashika fundo alifungue, akamkumbuka aliyelifunga, akaliachia. Ndani ya suke akasikia: karu, karu, karu.

"Nani wewe?"

"Mimi Fukusi, mdudu wa nafaka. Nakula."

"Hilo ni la mwanangu!"

"Ndiyo, na ni tamu."

Siku ya pili akalishika tena. Karu, karu, karu. "Nakula, bibi. Nimefika nusu." Akaliachia.

Siku ya tatu, karu, karu, karu. "Bibi, sikufichi, zimebaki punje chache. Mimi nikila sirudishi. Udongo ukila hurudisha. Sasa nani umpe?"

Bibi akalia mpaka kanga ikalowa. Kisha akalifungua fundo.

Shambani alilaza punje moja moja, akiimba wimbo ambao Siwema alimbembelezea Zena:

*Lala, punje, lala,*
*Shuka ni udongo;*
*Kukicha, mwanangu,*
*Uje na wenzako.*

Akauimba mara ya kwanza, sauti ikakatika. Akauimba mara ya pili, Zena akamsaidia. Mara ya tatu wakauimba mpaka mwisho wa shamba.

Mtama ukaota, ukarefuka, masuke yakainama kwa uzito. Siku ya mavuno bibi akachagua suke lililonona, akampa mjukuu ukanda ule ule wa kanga.

"Lifunge, mama."

Zena akafunga. Bibi akalitazama fundo. Lilipinda kivyake, vile vile.

"Nani kakufundisha?"

"Hakuna, Bibi. Mkono wenyewe tu," Zena akasema, akaunyoosha. Ulikuwa wa kushoto.

Bibi akaubusu mkono ule, kiganja na vidole vyote. Halafu akalitundika suke juu ya meko, akauchochea moto, na moshi ulipolifikia fundo hakulitoa.

Hadithi yangu imeishia hapo, juu ya meko. Anayetaka mbegu, anyooshe mkono.