Vita Vilivyokataa Kwisha

Isome taratibu, kisha mtumie ndugu mmoja anayeuguza.

Tusekile alikuwa mtoto pekee wa mzee Ambakisye, mkulima wa viazi kule milimani Rungwe. Homa ya mapafu ilimwangusha mzee huyo shambani, katikati ya mavuno. Siku ya nane wodini alikuwa akihema kwa oksijeni, midomo imegeuka rangi ya majivu.

Daktari Shekalaghe, mama wa makamo, alimwita Tusekile pembeni.

"Nataka kumpa mzee dawa ya kutuliza kinga ya mwili wake. Ina hatari zake, ndiyo maana naomba ridhaa yako."

Tusekile alikitazama kitanda cha baba yake. "Baba anapigana na ugonjwa, daktari, nawe unataka kumpokonya silaha?"

Daktari hakukasirika. Alimketisha kwenye benchi.

"Sikiliza, mwanangu. Kwenye damu kuna chembechembe ziitwazo seli saidizi. Hizo si za kupigana sana. Kazi yake kubwa ni kupiga mbiu. Hutoa kemikali ziitwazo saitokini, na kemikali hizo huziamsha seli nyingine ziende vitani. Adui akishindwa, mbiu hutakiwa inyamaze."

"Na kwa baba?"

"Haijanyamaza." Akamwonyesha majibu ya vipimo. "Virusi vilivyoleta homa hii havionekani tena tangu juzi. Kinachomuua mzee sasa ni kinga yake mwenyewe. Inajaa mapafuni kupigana na adui ambaye hayupo."

Tusekile aliitazama karatasi ile, machozi yakamlengalenga. Siku zote nane alikuwa akimwinamia baba yake na kumnong'oneza, "Pigana, baba. Usikubali."

Alitia sahihi fomu ya ridhaa. Kisha akarudi kitandani, akaushika mkono wa mzee uliojaa sugu.

"Baba," akasema, "umeshashinda. Sasa pumzika."

Dawa ikaanza kuingia mshipani. Siku ya tatu ya dawa homa ilishuka. Siku ya sita mzee aliomba uji.

Hakurudi kuwa yule wa zamani. Mapafu yalibaki na makovu, na jembe hakulishika tena. Shamba akalikabidhi kwa binti yake. Lakini asubuhi aliketi kizingitini, akichambua mbegu za viazi, na watu wakipita aliwaamkua kwa sauti ndogo, akipumzika kati ya neno na neno.

Funzo: Kuanza vita huhitaji ujasiri, lakini anayejua wakati wa kuvikomesha ndiye anayeinusuru nyumba.